Moma Mwenye Umande

Mwili wa Gaston Lukali ulikutwa umelala kifudifudi kando ya kidimbwi ambamo akina mama wa Kabambare hulowesha mihogo. Kamera ilikuwa chini ya kifua chake. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba hadi suruali imepasuka, na damu ilikuwa imekauka kwenye fizi.

Wanawake waliomkuta walitua vikapu vyao wakapiga yowe. Kabla jua halijafika utosini, mji mzima ulikwisha kutoa hukumu: Gaston ameumwa na nyoka, nyoka ametumwa, na aliyemtuma ni mkewe, Olga.

Inspekta Régina Feruzi wa polisi ya upelelezi alifika kesho yake asubuhi akitokea Kasongo, nyuma ya pikipiki, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Barabara ile ingemkasirisha hata mtakatifu, lakini hasira yake haikuwa ya barabara. Ujumbe wa simu uliompandisha pikipiki ulisema: "Mtu amekufa kwa nyoka, mchawi amekamatwa." Alikuwa amesikia neno hilo mchawi mara nyingi katika kazi yake, na kila mara lilikuwa limeangukia kichwa cha mwanamke asiye na wa kumtetea.

Mbele ya kituo walijaa watu, wengine wameshika fimbo. Komanda Jean-Paul, mkuu wa kituo, alimpokea kwa uso wa mtu anayetaka mambo yaishe upesi.

"Mama Inspekta, hii mambo iko nyepesi," alisema. "Nyoka iliuma mutu. Muke yake tuko naye kwa kasho, tumemufungia. Unaandika, unatia saini, unarudi."

"Mumemukamata kwa kosa gani?"

"Familia wanasema yeye ndiye alituma nyoka."

"Miye nakuuliza kosa, sikuulize familia. Kifungu gani ya sheria inasema nyoka inatumwa?"

Komanda akakuna shingo. "Kama ningemuacha nje wangemuchoma."

"Basi hukumukamata, ulimuficha. Sema hivyo. Na hawa wenye fimbo, umewafanya nini?"

Komanda hakuwa amewafanya kitu. Alikuwa amewakopesha kivuli cha ukuta wake, basi.

Mtu mmoja mwenye mabega mapana alijipenyeza mbele. Huyu alikuwa Grégoire, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa mpunga, na sauti yake ilizoea kumsemesha mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Tunazika kesho," alisema. "Tukimaliza kuzika, tunakuja kumutwaa. Mwanamuke mwenye anaangalia nyoka ndani ya macho bila kufunga yake, huyo haiko mutu. Kila siku alikuwa anaenda na mudogo yangu kwa pori. Zile nyoka zilikuwa zinamusikia."

"Papa Grégoire, ukigusa mlango ya hii kituo kesho, weye ndiye utalala ndani," Régina alimjibu. "Na pole kwa msiba."

Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, na yote mawili aliyasema kwa dhati. Kisha akaenda kuiona maiti.

Muuguzi Nathanaël alimfungulia chumba cha saruji nyuma ya hospitali na kufunua shuka. Alama za meno zilikuwa mbili, zimeachana, nyuma ya goti, juu kidogo ya mahali buti la mpira linapoishia.

"Nyoka gani?" Régina aliuliza.

"Moma. Ile munene ya pori, yenye rangi ya majani makavu. Meno yake imeachana hivi, haiko ingine."

"Alikufa upesi?"

"Hapana. Aliumwa mchana, alikufa jua inashuka. Aliteseka." Nathanaël alirudisha shuka taratibu. "Na serum ya kuvunja sumu iko mu frigo yangu, mama. Tazama mambo. Yeye mwenyewe ndiye alisumbua wakubwa mpaka walituletea."

Ukutani mwa chumba cha wagonjwa zilibandikwa picha za nyoka wa Maniema, kazi ya Gaston, ili mtu aliyeumwa aonyeshe kwa kidole yule aliyemuuma. Régina alizitazama. Katika kila picha jicho la nyoka lilionekana safi kabisa, na nyuma yake pori limefifia. Hakuna nyoka aliyefungwa, hakuna aliyeshikwa shingo. Wote walikuwa kwao, wanaishi.

"Kutoka kidimbwi mpaka hapa iko mbali?"

"Hata kidogo. Mutu mumoja angekimbia kutuita, tungemufikia mapema."

"Hapakuwa na mutu. Alikuwa peke yake."

"Gaston peke yake?" Nathanaël alitikisa kichwa. "Haikuwa hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza."

Olga alikuwa ameketi sakafuni mwa kasho, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa kifuani. Hakulia. Alikuwa na hasira, na Régina alimpenda palepale kwa hasira hiyo.

"Nieleze namna mulikuwa mnafanya kazi," Régina alisema, akaketi chini mbele yake.

"Utaandika ni uchawi?"

"Jaribu kwanza."

Olga alimpima kwa macho, kisha akaanza.

"Mwenye kupiga foto hana macho. Jicho yake iko ndani ya kamera, inaona nyoka tu. Kwa hiyo lazima mutu wa pili, mulinzi. Mulinzi anasimama nyuma na fimbo murefu. Anaangalia nyoka. Haangalie kamera, haangalie simu, haangalie wapita njia. Nyoka ikikunja shingo kujitayarisha, mulinzi anasema 'rudi', na mwenye kamera anarudi bila kuuliza. Miye ndiye nilikuwa mulinzi. Ndiyo sababu sikufunga macho, mama. Ningefunga, bwana yangu angekufa. Sasa wanasema ile kutofunga macho ndiyo imemuua."

"Alikuwa anakaribia sana?"

"Hakaribie. Anapima urefu ya nyoka mara mbili, hapo anaweka mupaka. Lensi ndiyo inakaribia. Analala kwa tumbo, macho yake na ya nyoka sawasawa, anangojea. Haiguse, haichokoze. Nyoka ikitaka kwenda, inaenda, na sisi tunarudi nyumbani mikono mitupu."

"Na kama imeuma?"

"Usiikimbize. Pale ulipo, kama unaiona, piga foto yake moja, muganga ajue ni nyoka gani. Halafu tulia. Mulinzi ndiye atakimbia kutafuta watu."

"Weye ulikuwa wapi?"

"Lusangi. Mudogo yangu alizaa. Nilirudi jana kwa kilio, wakanitia hapa. Gaston alinipigia simu, akasema ameona moma karibu na kidimbwi, haijatoka pale, na mutu wa kumulinda amekuja. Nikauliza, nani? Akacheka. Akasema, nikikuambia utafurahi." Olga alikaza fundo la kitenge chake. "Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho kwangu."

Régina alimwamuru Komanda alete kamera. Ilitolewa kwenye droo yake, chini ya mabaki ya karanga. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuiwasha. Régina na Olga waliinamia kioo chake kidogo.

Picha za kwanza zilikuwa za moma aliyejikunja mbele, juu ya majani makavu, mtulivu. Umbali ulikuwa uleule kutoka picha hadi picha. Kisha ikafuata ya mwisho. Hiyo ilikuwa imeenda upande, imetikisika, na pembeni ilionekana ncha ya buti la Gaston. Kando ya buti alilala moma mwingine.

"Iko ya pili," Régina alisema. "Ilimutokea kwa nyuma."

Olga alikuwa ameikuza picha kwa kidole, anaitazama bila kupepesa, kama alivyozoea. Mgongo mzima wa moma yule wa pili ulikuwa na matone madogo ya maji.

"Hii maji," alisema polepole. "Kiangazi, mchana, majani yote kavu. Ile ya mbele iko kavu. Hii ingine imeloa."

"Ilitoka kwa kidimbwi?"

"Ingetoka kwa maji ingekuwa imeloa na matope. Tazama. Hii iko kama chupa ya soda ukiitoa kwa frigo. Hii nyoka ilitoka mu baridi."

Régina aliinua kichwa.

"Kuna wapiga foto wanafanya hivyo," Olga aliendelea kwa ghadhabu. "Wanaogopa nyoka, wanaifungia kwa kongelateri, ile frigo ya kugandisha, mpaka inalegea. Halafu wanaipanga juu ya tawi kama kitambaa, wanapiga foto, watu wanasifu. Mara mingi nyoka inakufa. Mu Kasongo iko kalenda moja..."

"Naijua," Régina alisema.

Aliijua vizuri. Ilitundikwa ofisini kwake: nyoka wa kijani juu ya tawi, na matone yamemjaa kama shanga. Picha ile ilikuwa imepewa zawadi ya kwanza huko Kindu. Mpigaji alikuwa Alain Sumaili, mwenye studio Kasongo.

"Alain alikuwa mwanafunzi ya Gaston," Olga alisema. "Gaston aliangalia ile kalenda, akanyamaza siku nzima. Akaniambia nisiseme kwa mutu, ni aibu ya mutoto wetu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Régina hakulisema neno hilo kwa sauti. Alitoka.

Kilio kilikuwa nyumbani kwa Grégoire. Kwenye maturubai waliketi jamaa na majirani, na katikati yao alizunguka kijana mwenye shati safi, kamera mbili shingoni, akiwapiga picha waombolezaji. Alikuwa Alain mwenyewe; Régina alimjua kwa sura tangu Kasongo.

"Ulifika lini?" Régina alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za njia.

"Jana jioni, mama. Nilivyosikia tu, nikapanda pikipiki. Gaston alikuwa mwalimu yangu."

"Pole."

Alimpita akaenda moja kwa moja kwa Grégoire. "Simama. Unanipeleka pale mudogo yako alikufa. Weye tu."

Grégoire alinung'unika njia nzima. Régina alimwacha anung'unike. Kidimbwini aliitazama ardhi mahali majani yalipolaliwa, akazunguka, akaenda hadi kwenye kichaka cha mianzi na kurudi. Kando ya njia ya akina mama akaona jiwe bapa, na pembeni yake kijiti kimechomekwa ardhini, kimefungwa fundo la majani mabichi yaliyoanza kunyauka.

"Hii nini?"

Grégoire alitazama mara moja. "Iko kichwa ya nyoka. Sisi hapa ukiua nyoka, unakata kichwa, unaizika, unaweka jiwe. Hata imekufa meno yake inachoma mutu wa miguu wazi. Halafu unatia kijiti, ili watu wapite pembeni. Kila mutoto ya hapa anajua."

"Chimba."

Alichimba kwa panga lake. Kichwa cha moma kilikuwa pale, kipana, macho yameingia udongo.

Wanawake wawili waliokuwa wakitoa mihogo majini walikaribia. Régina aliwauliza kama wao ndio waliozika. Walikataa. Jiwe lilikuwepo tayari asubuhi ile walipomkuta marehemu, walisema. Walilikwepa kama kawaida.

"Papa Grégoire," Régina alisema, na sasa hakuficha hasira yake, "mudogo yako alikuwa na mguu umejaa sumu. Hakuweza kusimama. Ni yeye alikimbiza nyoka, akaiua, akaikata kichwa, akachimba, akaenda kutafuta jiwe?"

Grégoire alishika panga lake lenye udongo.

"Ao ni uchawi ilichimba?"

Grégoire aliliweka panga chini.

"Mutu alikuwa hapa. Mutu wa hapa, mwenye anajua desturi yenu. Alain, yeye ni mutu wa wapi?"

"Mama yake ni wa hapa," Grégoire alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Alikomea kwetu toka utoto. Gaston alimubeba mgongoni."

Kabambare ilikuwa na kongelateri chache, na ile iliyofanya kazi kiangazi kile ilikuwa moja, ya umeme wa jua, kwa Mama Soraya, muuza maji ya tangawizi karibu na msikiti. Régina alimkuta akipanga chupa.

"Alain Sumaili aliweka kitu kwako?"

"Glasiere yake, ile sanduku ya baridi. Aliomba niigandishe kidogo, akasema iko nyama ya mawindo, inaenda kwa bibi yake."

"Lini?"

"Usiku moja kabla ya msiba. Aliitwaa asubuhi. Siku hiyo ndiyo Gaston alikufa, Mungu amurehemu."

"Haikuwa jana?"

"Jana? Jana alipita hapa hana hata salamu. Mama, ile nyama iko na kesi?"

"Haikuwa nyama. Ilikuwa nyoka. Muzima."

Soraya alishika midomo. Kisha akaigeukia kongelateri yake, akaanza kutoa chupa moja moja na kumwaga tangawizi barabarani, akimlaani Alain, bibi yake Alain na aliyebuni kamera. Ilibidi Régina amshike mkono ili amwombe aje kutoa ushahidi.

Alasiri ile meza iliwekwa katikati ya ofisi ya Komanda. Régina alitaka Olga aketi upande mmoja na Grégoire upande wa pili, wasikie kwa masikio yao. Komanda alipinga, akisema utaratibu haukubali. Régina alimwambia utaratibu ungemkataza pia kumfungia mjane, akamwonyesha kiti cha pembeni.

Alain aliingia, akamwona Olga, akatazama pengine.

"Ulifika lini Kabambare?"

"Nilikwisha kusema. Jana jioni."

"Na mizigo gani?"

"Kamera tu."

"Glasiere?"

"Sina glasiere."

Régina hakubishana. Alimsogezea kamera ya Gaston, picha ya mwisho iko wazi.

"Weye ni fundi. Miye foto siijue. Hii unaionaje?"

Alain alisita, akainama. Mtu wa kazi hawezi kuiona kazi akajizuia. Mabega yake yalilegea kidogo.

"Imetikisika," alisema. "Imekatwa vibaya pembeni. Lakini iko na uhai. Tazama matone, mwanga imeingia ndani ya kila tone. Bila ile maji ingekuwa foto ya bure."

"Maji hiyo ilitoka wapi?"

Alain aliinua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Kiangazi. Mchana. Majani kavu. Moma ya kwanza, tazama, kavu," Régina alisema akirudisha picha nyuma. "Hii moja tu ndiyo iko na umande. Na nyoka ya kalenda yako, hiyo pia. Fundi haachi kamera bila kuiangalia: weye uliiona hii foto, Alain. Ulirudisha kamera chini ya kifua chake sababu uliona nyoka, ukasema vizuri, itasema nyoka iliua. Matone hukuyaona. Umeyazoea, kwako ni urembo."

"Miye sikuwa hapa."

"Mama Soraya iko nje. Amemwaga mali yake yote sababu yako, na ana mengi ya kusema."

"Anasema uongo."

"Njia ya mwongo ni fupi," Grégoire alisema kutoka kiti chake. "Nani alizika kichwa, Alain? Nani alifunga kijiti? Ni miye nilikufundisha kufunga lile fundo."

Kijana alitazama mikono yake. Nje mtu alikohoa. Aliposema tena, ilikuwa sauti nyingine.

"Akina mama wanapita pale miguu wazi," alisema. "Singeweza kuiacha vile."

Grégoire alitema mate sakafuni. "Uliogopea miguu ya wamama."

"Sema yote," Régina alisema. "Ni nani alimulinda Gaston ile siku?"

"Miye."

"Nyoka ya pili ulitoa wapi?"

"Wakulima waliikamata kwa shamba. Niliitia baridi ili isiniume njiani. Gaston alikuwa amelala, jicho kwa kamera. Niliitoa kwa fimbo, nikaiweka karibu na mguu yake. Ikalala tu. Nilingoja jua iipashe kidogo. Halafu nikaisukuma."

"Aliona ni weye?"

"Hapana. Alifikiri ilitoka kwa majani. Aliigeukia, akaipiga foto. Akasema, kimbia, umuite Nathanaël."

"Ulikimbia wapi?"

"Nyuma ya mianzi. Nikaketi."

Régina aliweka kalamu chini. Alitamani kumpiga. Alitamani kwa moyo wote, kama mtu anavyotamani maji, na ilimchukua muda kuukumbuka mshahara wake na kiapo chake.

"Alitaka kukutangaza?" aliuliza. "Alikutisha atasema kwa redio kama foto yako ni ya uongo?"

"Hapana."

"Alitaka kitu kwako?"

"Hapana, mama. Alikuja kwa studio yangu, akafunga mlango watu wasisikie. Akasema anajua ile nyoka ilikuwa ya baridi. Akasema hatamuambia mutu. Akasema, kuja Kabambare, nitakuonyesha moma ya kweli, utaipiga kwa mikono yako bila woga, hiyo ndiyo itakuwa jina lako, ile ingine tutaisahau." Alain alianza kupumua kwa nguvu. "Alinihurumia. Miye niko na zawadi, watu wananialika mpaka Kinshasa, na mutu wa kulala kwa matope ananihurumia. Angenitukana, ningevumilia. Angenishitaki, ningebisha. Lakini alikuwa ananiangalia kama mutoto mwenye ameiba sukari na mama yake amenyamaza. Ningekuwa naangaliwa vile maisha yangu yote."

"Kwa hiyo ulimuua sababu alificha aibu yako."

Alain aliisukuma kamera ya Gaston mbali naye.

"Na ukamuacha muke yake achomwe mahali pako."

"Sikusema miye kama ni Olga."

"Hukusema kama siye. Ulikuwa unapiga foto za kilio."

Komanda Jean-Paul alikuwa ameinamisha kichwa. Grégoire alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Mtu ambaye hakuwa amesogea tangu mwanzo ni Olga. Sasa alimgeukia Alain, akamtazama machoni, na Alain akashindwa kumkwepa.

"Ulikaa nyuma ya mianzi mpaka alikufa?" Olga aliuliza.

"Alikuwa ananiita. Kila mara akiita, nilikuwa narudi kwake kidogo."

"Alikuwa anasema nini?"

"Olga..."

"Alikuwa anasema nini?"

Alain alijipangusa uso. "Alisema nisijilaumu. Alisema mulinzi mumoja hawezi kuona mbele na nyuma. Alisema nikuombe usinikasirikie, sababu miye bado niko mwanafunzi."

Olga alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemtambua mumewe katika maneno hayo.

"Na weye ulikuwa unamujibu nini?"

"Nilikuwa namuambia pikipiki iko njiani."

Régina aliliandika neno hilo kwenye karatasi kama lilivyosemwa, akamsogezea Alain atie saini, akamfunga pingu yeye mwenyewe. Grégoire aliinuka, akataka kupiga magoti mbele ya shemeji yake. Olga alimpita bila kumgusa. Alifunga kitenge chake upya, akafungua mlango, akatoka kwenda hospitali kukaa na mumewe. Nje watu walikuwa bado wameshika fimbo zao, na walimpisha njia.